Fundi Aliyejipunguza

Fundi cherehani alikuwa anapunguza gauni kiunoni, pini kazibana midomoni, aliposema kwamba gauni lenyewe ni lake. Bintiye, aliyekuwa mezani na chai na matokeo ya maabara, alijibu bila kuinua kichwa kwamba gauni hilo walilipunguza juzi tu.

"Juzi nilikuwa mkubwa," mama akasema, akaendelea kukanyaga pedali.

Binti alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika fani iitwayo utafiti tafsiri wa tiba, na jina hilo lilimletea balaa mtaani. Watu walisikia "tafsiri", wakaelewa walichotaka. Jirani alimletea karatasi ya maelekezo ya pasi ya umeme, iliyoandikwa kwa lugha ambayo binti haijui hata kidogo, akanuna kwa wiki nzima alipoambiwa haiwezekani. Miaka yote hiyo darasani, na pasi imemshinda! Mama ndiye aliyemtetea. "Huyu hatafsiri maneno," alisema. "Anatafsiri panya."

Na kwa kweli hakukosea. Kazi yote ilikuwa hiyo: kilichofaa kwa panya kitafutiwe njia mpaka kimfikie mgonjwa kitandani. Panya wa binti walikuwa na mapafu yaliyokakamaa, wakapewa dawa, mapafu yakalainika. Walioanza wakitweta pembeni mwa kizimba sasa walikuwa wanagombania gurudumu. Mama naye alikuwa na mapafu yaleyale. Akitoka jikoni mpaka kwenye cherehani alikuwa anashika ukuta njiani, na kifua chake kilipiga filimbi nyembamba iliyosikika mpaka chumba cha pili. Binti aliichagua mada hiyo kwa sababu ya filimbi hiyo, ingawa kwenye barua ya maombi aliandika sababu nyingine.

Kila jioni mama aliuliza swali lilelile.

"Panya hawajambo?"

"Wamepona, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Na sisi?"

"Kwa watu bado. Kuna taratibu zake."

Siku moja mama alitema pini kiganjani, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Sasa dawa ikishindwa kuja kwa mtu," akasema, "si mtu aende huko iliko?" Binti alidhani ni utani. Wiki hiyohiyo mama akaanza kujipunguza.

Hakufanya papara. Alijipima kwa futi, akajitia alama za chaki, akajibana kidogo mabegani, kidogo nyongani, kidogo magotini, ili asije akapinda upande mmoja kama suruali ya fundi mlevi. Maisha yake yote alikuwa amepunguza nguo za watu, kwa hiyo hakuhitaji kuulizwa anajua au hajui. Kaka mkubwa alipokuja kuwatembelea alimkuta mama ana kimo cha mtoto wa chekechea. Aliinama zaidi ya kawaida, akasema, "Shikamoo, mama," kisha akamvuta dada yake pembeni na kumwambia amhimize mama ale. Wateja hawakuwa na neno, isipokuwa kwamba nguo zao zinachelewa.

Miguu ilipoacha kufikia pedali, mama alishona kwa mkono. Mkono uliposhindwa sindano, alivunja pini katikati akaendelea nayo. Mwishoni alikuwa analala ndani ya boksi la vifungo, juu ya kipande cha flana. Kila kitu chake kilikuwa kimepungua vizuri, kwa mpangilio, mpaka kucha. Ugonjwa tu ndio uliokataa kupunguzwa. Filimbi ilisikika mpaka chumba cha pili, vilevile.

Binti alimpeleka maabara katika mfuko wa koti jeupe. Mtunza panya, mtu wa maneno machache, alimweka kwenye mizani, akasoma, akafuta mizani kwa kitambaa. "Amepita," akasema. "Kuna wanaomzidi hapa." Profesa aliyemsimamia binti alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akainama.

"Shikamoo, mama. Hongera, kazi safi sana."

"Marahaba, mwanangu. Sindano wanachomwa wapi, mgongoni au pajani?"

Profesa akasema hilo ni lazima lipite kamati ya maadili. Alikuwa mtu mwema na alilisukuma kwa moyo wote. Kamati ilikutana, ikajadili kwa heshima, ikajibu kwamba kuhusu ukubwa haina pingamizi lolote. Lakini panya walioidhinishwa kwa utafiti huu ni madume, wenye umri wa wiki nane.

Mama aliposomewa jibu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka binti akaogopa. "Kupunguza naweza," alisema alipopata pumzi. "Hayo mengine hata sikufundishwa."

Hivyo akawa anakuja maabara kila siku kama mgeni. Alikaa ndani ya kizimba cha panya waliopona, kwa sababu palikuwa na joto na alipenda kuwatazama wakikimbia. Aliwasema kwa kutupa chakula ovyo. Wao walimnusa, wakampisha, wakarudi kwenye gurudumu.

Siku ya mwisho ya majaribio dawa ilibaki. Ilibaki kidogo, chini kabisa ya kichupa, na binti aliiona kuwa ingemtosha mtu wa ukubwa wa mama yake. Utaratibu ni kwamba inayobaki huteketezwa mbele ya watu wawili. Wakasimama mbele ya tanuri, binti na profesa, na mama yumo mfukoni.

"Profesa," binti akasema. "Tone tu."

"Najua," profesa akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ikitoka tone moja nje ya utaratibu, utafiti wote unafutwa. Dawa inakufa, haitamfikia yeyote. Si mama yako wala mama wa mtu mwingine."

Binti alitafuta kosa katika maneno hayo, akalikosa. Aliweka kichupa ndani ya tanuri, akafunga mlango, na mfukoni mwake filimbi ikaendelea kama kawaida. Usiku huo mama hakuuliza habari za panya.

Utetezi wa tasnifu ulikwenda vizuri mno. Mtahini kutoka nje aliuliza swali moja gumu: lini dawa hii itawafikia wagonjwa? Binti alijibu kwamba miaka kumi na mitano, mfadhili akipatikana, na mpaka sasa hajapatikana, kwa kuwa wagonjwa wenyewe ni wachache na hawana uwezo. Watahini walitikisa vichwa. Walisema ni nadra kupata mwanafunzi mkweli hivyo. Wakampa mkono, wakamwita Dokta. Kaka mkubwa, aliyekuwa amevaa tai, alipiga makofi peke yake kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Nje, kwenye benchi la ukutani, binti alimtoa mama mfukoni akamweka kiganjani. Mama alijinyoosha pindo, akajiweka sawa.

"Umeshakuwa daktari?"

"Nimeshakuwa, mama."

"Kweli kabisa? Hakuna tena kilichobaki?"

"Hakuna."

Mama akafungua vifungo viwili vya juu vya gauni lake, kama anavyofanya kila mgonjwa, akageuza uso pembeni asije akamkoholea daktari.

"Haya," akasema. "Nitibu."

Binti aliinamisha kichwa, akaweka sikio kiganjani, akasikiliza kwa muda mrefu, mbele, halafu mgongoni. Kisha akamwambia ajifunge vifungo, upepo usimpige.