Ombi la Kwanza Kwenye Orodha

Kompaila ilimkatalia Waruguru mara saba. Ndiyo inayokagua programu iliyoandikwa kwa lugha ya Rust kabla haijaruhusiwa kufanya kazi, na haina huruma. Programu yake ilitunza orodha ya maombi ya kanisa lao la Mugutha, na ndani ya muundo huohuo aliweka mshale unaoelekeza kwenye ombi linalosomwa. Kitu kinachojielekezea chenyewe hivyo, Rust haikitaki.

"Mathe, hiyo ni ngori, shida tupu," Mwas akasema, akivuta kiti. Katika darasa lote la jioni la Ruiru, ni wao wawili tu waliobaki kushindania nafasi moja ya kazi Thika. "Andika unsafe hapa, kompaila isikague, utumie pointa mbichi, mshale usio na ulinzi. Itanyamaza."

Ikanyamaza. Waruguru, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akafumba macho akamshukuru Mungu kwa moyo wa kijana huyu.

Ijumaa, mbele ya darasa, programu ikalifikia ombi la kwanza bila kukwama.

"Safi, Mama Ngendo," mwalimu Muriithi akamwambia Waruguru.

Mwas akainua mkono. "Mwalimu, mwambie aongeze ombi moja."

Akaongeza. Orodha ilikuwa imejaa, kwa hiyo ikahamishwa yote hadi mahali papana zaidi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mshale ukabaki palepale pa zamani, kama mgeni anayebisha mlango wa mpangaji aliyehama juzi. Skrini ikatapika herufi za ovyo, kisha programu ikafa.

"Shosh ananena kwa lugha!" mtu akamtania bibi huyo kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Muriithi hakucheka. Aliandika jina la Mwas kwenye fomu ya ile kazi ya Thika.

Waruguru alimngoja mlangoni. "Ulijua?"

"Mathe, kompaila ilikukataza mara saba. Mimi nilikudanganya mara moja. Ukamwamini nani?"

Nyumbani aliufuta mshale, akaweka namba tu: ombi la ngapi. Orodha na ihamie itakako, la kwanza litabaki la kwanza. Kompaila ikakubali. Akaongeza ombi, programu isitikisike, na skrini ikaonyesha lile aliloliweka juu ya yote wiki iliyopita, hata juu ya lake mwenyewe:

"Bwana, mkumbuke Mwas, apate kazi."

Kanisani kwao ombi lililojibiwa husomwa Jumapili, watu wakapiga makofi. Msomaji ni Waruguru.