Sauti ya Kufukuzia Wageni

Katika igizo la Krismasi kanisani, fundi cherehani alipewa sehemu ndogo kuliko zote: mke wa mwenye nyumba ya wageni. Maneno yake yalikuwa mawili tu, "Hakuna nafasi!", kisha afunge mlango uliotengenezwa kwa maboksi. Siku ya mazoezi aliyasema kwa ukali hata Yusufu akarudi nyuma, akamkanyaga Mariamu.

"Ehee!" mwalimu wa kwaya alipiga makofi. "Mama, hiyo sauti umeitoa wapi? Usiibadilishe hata kidogo!"

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini akiwa njiani kurudi kwenye chumba chake cha kushonea, kicheko kilimkauka mdomoni. Alijua alikoitoa. Asubuhi ile wifi yake alisimama mlangoni na kitambaa cha kijani, akiomba ashonewe gauni la sikukuu.

"Hakuna nafasi, wifi," alimjibu, hata mguu hakuuondoa kwenye pedeli.

Nafasi ilikuwepo. Tatizo lilikuwa neno la miaka miwili nyuma, pale wifi alipomwita "fundi viraka" mbele ya wageni. Neno hilo alilitunza kama sindano: kila akiligusa linamchoma, na kulitupa hataki.

Aliketi, akatazama kuta alizozipaka chokaa juzi kwa ajili ya Krismasi.

"Bwana Yesu," alisema kwa sauti, "nimekupigia deki mpaka uvunguni, halafu mlango nikaufunga mwenyewe. Nisaidie, maana mimi peke yangu siwezi."

Akatupia tepu shingoni, huyo kwa wifi.

"Umekuja kunipima au kuninyonga?" wifi aliuliza, jicho kwenye tepu.

"Tuanze na kupima. Nyoosha mikono."

Mabega, yale yale. Kiuno… akapima, akarudia. Vidole vinne zaidi.

"Wifi, umenenepa."

"Ni kula tu."

"Kula gani huko kunakokaa mbele peke yake?"

Wifi akainamisha uso. "Miezi minne. Baada ya zile mimba mbili zilizotoka, naogopa hata kufurahi. Asubuhi nilikuja kukwambia wewe kwanza. Gauni lilikuwa kisingizio." Akavuta pumzi. "Na lile neno la viraka, wifi yangu, ulikuwa wivu. Wewe ulikuwa umebeba mtoto, mimi mikono mitupu. Nisamehe."

Fundi akamkumbatia, tepu ikawazungushia wote wawili, wakalia, kisha wakacheka walivyofungwa kama mzigo wa kuni. Ile sindano aliitafuta moyoni, hakuiona.

"Nami nisamehe," alisema. "Lete hicho kitambaa."

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa pomoni. Yusufu akabisha hodi. Mke wa mwenye nyumba akafungua, akasema, "Hakuna nafasi," kwa upole kama anayembembeleza mtoto alale.

"Mama!" mwalimu alinong'ona nyuma ya pazia. "Ile sauti iko wapi?"

"Imeisha, mwalimu," naye akanong'ona, na kanisa zima likasikia.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa wifi, benchi la mbele, ndani ya gauni la kijani, mkono tumboni. Alicheka mpaka akajipinda, na wala gauni halikumbana. Fundi alikuwa ameacha kitambaa cha ziada ndani ya mishono, cha kufungulia kidogo kidogo mpaka ajifungue mwezi wa tano mwakani.