Tarumbeta la Polepole

Mkuu wa bendi aliketi sebuleni kabla hajakaribishwa, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba harusi ya Jumamosi haiwezi kwenda bila tarumbeta la mwanawe.

Mama akakataa katakata. Juzi tu daktari wa meno alimpasua mwanawe ufizi wa juu, akainua ngozi laini ya uwazi wa pua ulio juu ya taya, akajaza unga wa mfupa chini yake ili meno ya kupandikiza yaje yapate pa kushika. Alikatazwa hata kupenga kamasi.

“Nyimbo mbili tu, mama. Atapuliza polepole.”

“Wewe umewahi kusikia tarumbeta la polepole? Ngozi ile ikipasuka, mfupa wote unamwagikia puani. Utamrudishia wewe?”

“Tumeshawaahidi watu.”

“Mmewaahidi taya la mwanangu?”

Mwanawe, shavu limemvimba, aliona haya, akanyoosha mkono kulichukua tarumbeta lake lililokuwa mezani. Mama akamwahi, akachomoa kile kipande cha kupulizia, akakifutika kifuani.

“Haya, baba, chukua hilo bomba,” alimwambia mkuu wa bendi. “Kapulize mwenyewe kwa pua.”