Maji ya Krabi

...na sasa Apio ananiuliza mimi, Apio wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu Kidega, ambaye tangu tuanze kula ameongea na kaka yake tu kana kwamba mimi nilibaki nyumbani kulinda kuku, "na wewe Nelima, uliona nini huko," anasema huku ulimi wake ukitafuta mwiba wa samaki kati ya meno, na mimi nimesimama na chupa ya chai, chai inaingia kikombeni mwake, Jumapili mchana hapa Luzira, Kampala, na jibu la kwanza linalonijia ni lile dogo la adabu, joto, nimwambie joto, ingawa Kidega ameshalisema, "kwetu Kitgum ni friji, dada, kule jasho inakupata hata ukiwa unaoga," na wote wakacheka, na ni kweli, mlango wa ndege ulipofunguliwa Penang, Malaysia, hewa ilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria ya matoke inapofunuliwa, na Babra, binti yetu anayefanya kazi huko hotelini, yeye ndiye aliyetuita, akaja akikimbia, akasita, akamtazama baba yake akitembea kwa mguu wake wa bandia katikati ya wale watu wote, akalia kabla hata hajatusalimu... au nimwambie doriani, lile tunda kama fenesi lenye hasira, linanuka hadi pale hotelini wamebandika picha yake imekatwa mstari mwekundu, na Kidega, polisi ni polisi hata akistaafu, akaniuliza kwa uso mkavu kosa la tunda ni nini, au nimwambie pikipiki, nyingi kuliko boda zote za Kansanga, na zinasimama kwenye taa nyekundu, zinasimama kweli, Kidega alishika mkono wangu pale kwenye kona akizitazama kama mtu aliye kanisani... "Mimi nasema inasimama," anamwambia dada yake sasa, "yote, mpaka taa ibadilike," na Apio anasema hapana, hiyo unadanganya... ni hivyo, vitu vidogo vya mezani, lakini nilichoona mimi ni kingine, Apio, wewe unajua ulichosema kabla hatujaondoka, kwenye meza hii hii, "utamurudisha ndani ya sanduku ya maiti, mutu wa mguu moja unamupeleka kwa watu kufanya nini, kumuonyesha," na Kidega akaangalia sahani yake, na mimi, Mkenya niliyekuja Nakawa kuuza vitambaa nikaolewa na polisi wenu wa majini, nikaanza kukusanya sahani kwa sababu kifuani nilihofu kwamba unasema kweli, maana tangu siku ya upepo ile, boti mbili zilipombana mguu kwenye gati hadi ukakatwa, huyu mtu aliyekuwa akiogelea Port Bell kama anatembea sebuleni hakugusa tena ziwa, aligeuza hata kiti chake, akawa anakaa akitazama barabara, na mguu ule wa bandia ulikuwa unavuliwa chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, mimi peke yangu na taulo... halafu Krabi. Tulivuka kutoka Penang kwenda huko, pwani ya Thailand, tukakuta mwaka mpya wao, wanamwagiana maji barabarani kando ya ufukwe kutwa nzima, wazee kwa vijana, na hakuna anayekasirika, bibi mmoja akamjia Kidega na bakuli, akainama kwanza kama anaomba ruhusa, akammiminia begani polepole, maji yenye maua, na kabla hajamaliza kushukuru likapita lori limejaa watu na mapipa, pwaa, tukalowa sote hadi mifupani, na maji yakaingia ndani ya mguu wa bandia, kila akikanyaga unalia chwaa, chwaa, nikaona anauma meno, nikaanza kutafuta ukuta, mti, choo, mahali pa kumficha, macho yangu yalishazoea kazi hiyo, na nilipogeuka nikakuta ameshakaa mchangani, mbele ya watu wote wa ufukwe ule, amekunja suruali, ameuvua, anaumwaga maji kama mtu anayemwaga gambuti, "shika hii," akaniambia, akanipa mguu, akajivuta kwa mikono hadi maji yakamchukua, na akaenda, Apio, kaka yako akaenda, mkono baada ya mkono, bahari ya rangi ambayo sina jina lake, na watu wakatazama kidogo, wakaendelea kumwagiana maji, basi, hicho tu ndicho tulichokuwa tukikiogopa miaka yote... na mimi nimesimama nimeukumbatia mguu kama mtoto mchanga, nacheka, kamasi zinatoka, na yeye kule anaita, "Mama Babra, ingia," nikasema mimi wa Bungoma siyajui maji, mto kwetu unachukua watu, akasema, "hii iko moto kama chai, ingia, mimi nakushika," nikaulaza mguu juu ya leso yangu nikaingia na nguo zangu, hadi magoti, hadi kiuno, hadi miguu ikakosa mchanga, na mikono yake chini ya mgongo wangu haikutikisika, nikaona anga tu, nikasikia pumzi yake sikioni, pumzi ya yule kijana wa boti niliyemkubali zamani, nikajua hakwenda popote, alikuwa humu humu... "muulize mwenyewe," Kidega anasema, "aliogelea," na Apio anasema, "nani, huyu?" na ananitazama, kwa mara ya kwanza leo ananitazama sawasawa, na natafuta ile hasira yangu ya siku zote siioni, naona macho ya mwanamke aliyelala sakafuni pale hospitali pamoja nami, kichwa chake miguuni pangu, wakati hatukujua kama Kidega ataamka, sanduku lile alilolisema alikuwa ameliona tayari, pale, kila akifumba macho, na hakuna aliyewahi kumwambia limeondoka, kumbe anachouliza si Penang wala Thailand, ni kama kaka yake bado yupo, na jibu ninalo mimi, si mtu mwingine, linanijaa kifuani kama wimbo wa harusi, nitamwambia yote, mguu, leso, bibi wa bakuli, mbele ya Kidega, mbele ya wote, na wala sitashusha sauti... naweka chupa mezani, nasogeza kiti, si kile cha karibu na jikoni, kile kilicho katikati yao wawili, "ngoja kwanza, Apio," nasema, "nikae."