Alama za Vidole kwenye Mtutu

Kambini walimwita Mzee Kutu, jina ambalo ukilitazama vizuri ni tusi, maana kazi yake yote ilikuwa kuizuia kutu isiingie. Mwenyewe hakujali. Alikuwa fundi wa silaha, na ghala lake lilikuwa chumba kimoja cha mawe kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma na balbu moja isiyozimwa mchana wala usiku. Balbu ile haikuwekwa kwa ajili ya mwanga bali kwa ajili ya joto lake, ili unyevu usipate pa kukaa.

Masharti yake yaliwashinda waganga. Bunduki haiwekwi ndani ya mfuko wa turubai, kwa sababu turubai hunywa unyevu na kuubania humo humo. Bunduki husimamishwa mtutu chini, mafuta yasije yakateremka yakaozesha kitako cha mbao. Mafuta yenyewe yawe kidogo, maana anayemwaga mengi anakaribisha vumbi. Na sharti kubwa kuliko yote: mtu asiguse chuma kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi, na wako watu ambao chumvi yao ni kali mno. Wakigusa chuma leo, baada ya siku chache kutu imechora vidole vyao pale pale walipogusa. Hao aliwaita wenye mkono wa chumvi. Mtoto wake wa pekee alikuwa mmoja wao.

Kijana huyo alikuwa askari wa kambi ile ile. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, tangu utotoni aliitwa Mashoto, na wazazi wake wakawa Baba Mashoto na Mama Mashoto. Mwaka juzi, wakiwa doria, yeye na wenzake walivuka mto uliofurika. Wenzake walitokea ng'ambo, yeye hakutokea. Maji yalipopungua waliikuta bunduki yake imenasa kwenye matete. Yeye mwenyewe hakuonekana, hata kiatu.

Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua, lakini Mama Mashoto alikataa katakata. Mashangazi walipofika mlangoni na vilio vyao aliwasimamisha hapo hapo.

"Mmemwona?" aliwauliza. "Kama hamjamwona, mnamlilia nani?"

Wakarudi walikotoka, na vilio wakavimeza njiani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutoa pole katika nyumba ile. Mashati ya kijana yalifuliwa, yakapigwa pasi, yakatundikwa, kisha yakafuliwa tena bila ya kuvaliwa. Mama alikonda. Alikula matonge mawili, akasema ameshiba.

Bunduki iliporudishwa ghalani, Mzee Kutu aliitengeneza kwa mkono wake. Akaifungua yote, akaikausha, akaisugua kutu ya mto mpaka ikaisha, akaipaka mafuta na kuisimamisha mwisho wa safu. Siku ya ukaguzi iliyofuata alikuta alama katikati ya mtutu: vidole vinne upande huu, dole gumba upande wa pili, vyote rangi ya chai. Ulikuwa mkono wa kushoto. Na askari wote wa kambi walizichomoa bunduki zao kwa mkono wa kulia, isipokuwa mmoja.

Ghala lilikuwa na funguo mbili tu, wake na wa karani. Akaifuta alama, akapaka mafuta, akatoka haraka bila kuaga. Ukaguzi uliofuata akaikuta imerudi pale pale. Hapo akaogopa kweli. Lakini chini ya ile hofu ilikuwepo furaha, nayo ikamtisha kuliko alama yenyewe.

Akashindwa kukaa na siri. "Mama Mashoto," alimwambia mkewe, "mwenzio nimeona jambo."

Alipomaliza kusimulia, mkewe alicheka, kicheko ambacho hakijasikika mle ndani tangu mto ufurike. "Nilisema mimi! Mkaniona nimechanganyikiwa!" Jioni ile alikula sahani nzima.

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Kila siku ya ukaguzi mke alimngoja mlangoni, na kabla mume hajavua viatu alimuuliza, "Amekuja?" Naye hujibu, "Amekuja." Kisha huketi wakala. Mzee akawa anaitazamia siku ile, na anaichukia pia.

Lakini kutu haijui huruma. Pale kwenye alama chuma kikaanza kuliwa, vikatokea vishimo vidogo ambavyo mafuta hayavizibi. Karani wa ghala, mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno, akamwita pembeni.

"Mzee wangu, ile ya mwisho inaharibika. Wakubwa wakiiona wataipeleka ikakatwe."

"Ile usinihesabie mimi," alisema Mzee Kutu. Kisha akateremsha sauti. "Ile mwenyewe huja kuishika."

Karani akavuta kiti, akakaa. "Mwenyewe nani?"

"Mwanangu."

"Kumbe hujui," karani alisema taratibu. "Nisamehe, mzee. Ile unaivulia glovu."

"Nani anavua?"

"Wewe. Nyingine zote unazishika na glovu. Ukifika ile ya mwisho unazivua, unatia mfukoni, unaishika hivi." Akainua mkono wa kushoto, akaukunja kama ulioshika mtutu. "Kitambaa kiko mkono wa kulia, lakini hufuti. Unasimama tu, unazungumza nayo. Sote tunaona. Tulidhani unajua, na nani angekwambia?"

Mzee Kutu aliapa kwamba ni uongo. Akaenda mwisho wa safu kwa hasira, akavua glovu ya kushoto mbele ya karani, akaweka vidole juu ya vile vya kutu. Vililingana kimoja baada ya kingine, mpaka dole gumba. Mkono wa chumvi mtoto angeutoa wapi, kama si kwa baba yake? Alikuwa amevaa glovu miaka mingi kiasi cha kusahau kwamba lile sharti, alipolitunga ujanani, alijitungia yeye mwenyewe.

Akalia mle ghalani, mtu mzima, na karani akageukia ukuta.

Njia ya nyumbani siku ile ilikuwa ndefu. Mkewe alikuwa mlangoni, amejitanda kanga, na harufu ya chakula ikitoka nyuma yake.

"Amekuja?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Angelisema, wangekula. Badala yake akamwonyesha kiganja cha kushoto.

"Ni huu, Mama Mashoto. Zile alama ni za mkono huu. Nilikuwa naishika mimi, wala sijijui. Hajapata kuja mtu."

Alingoja apigwe, au atukanwe, na angeshukuru kwa lolote. Mkewe alikishika kile kiganja, akakigeuza, akavitazama vidole vyote. Akakiachia. Akampita, akatoka mpaka uani, akasimama kwenye ukuta unaowatenga na nyumba ya pili.

"Jirani!" aliita. "Jirani, njoo ukae nami. Mwanangu amekufa."