Kiitikio cha Shuka Nyeupe

Shuka ya hospitali ikishaloa inataka watu wawili. Mmoja anashika ncha hii, mwenzake ile, wanaizungusha kila mtu kwa upande wake mpaka maji yaishe. Wakizungusha kwa pamoja, inakamuka. Mmoja akimtangulia mwenzake, uzito wote unamwangukia aliyechelewa, kwenye kifundo cha mkono. Mashine ya kukamulia ilikuwepo pale ukutani, imefunikwa turubai tangu iharibike, na siku hizo ilitumika kuanikia matambara.

Ndiyo maana waliimba. Kinanda, jina alilopewa na wenzake kwa sababu ya sauti yake, aliita, "Nani kaichafua?" Wote wakaitika, "Si mimi!" na kuzungusha. "Nani ataifua?" "Ni mimi!" wakazungusha tena. Hakuna aliyejua nani aliutunga wimbo ule. Waliukuta, na walioajiriwa baada yao waliukuta pia.

Asubuhi moja Mama Pacha, aliyekuwa akikamua na Kinanda, alinyamaza katikati ya kuitika. Aliachia shuka, akatazama mkono wake. Sindano ilikuwa imesahaulika ndani ya pindo, ikamwingia chini ya kidole gumba. Aliichomoa mwenyewe, akakichovya kidole kwenye maji ya dawa, akauma meno.

"Ya mgonjwa gani hiyo?" Kinanda aliuliza.

"Ningemjua ningemtumia salamu."

Walicheka, maana wangefanya nini kingine? Glavu zilikuwepo, tena nyingi, ofisini kwa msimamizi, ndani ya kabati la kioo. Zilikuwa za kuonyesha wageni.

Kinanda alimsimulia hayo mdogo wake siku alipokuja kumjulia hali. Huyo mdogo wake ndiye mwanamuziki ambaye nchi nzima inamwita Radi. Kinanda alimbeba mgongoni miaka ile mama yao akifua palepale, kwenye matangi yaleyale. Radi alisikiliza, machozi yakamlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo Kinanda hakulitilia shaka hata baadaye. Akaomba awarekodi. Madobi waliimbia simu yake wakati wa mapumziko, nyuma ya matangi, huku wakichekana na kusukumana kila mmoja akitaka asikike. Haukupita muda wimbo wake "Shuka Nyeupe", wenye sauti zao, ukawa kila mahali. Ulipigwa kwenye saluni, kwenye harusi, mbunge mmoja akaunukuu akiwa amevaa suti. Kwenye video Radi alivaa ovaroli na kujipaka povu kifuani.

Kwa siku kadhaa madobi walitembea vichwa juu. Kisha hospitali ikaiuliza maswali kampuni iliyowaajiri kufua, na kampuni ikafunga geti. Msimamizi alisema kuna watu wamelichafua jina la kampuni, na hakuna atakayeingia mpaka ajue ni nani waliotoa sauti zao.

Kinanda alikwenda kwa mdogo wake. Aliketi pembeni kabisa ya kochi, mikono ameificha chini ya mtandio, kwa kuwa ngozi ya vidole ilikuwa imechanika na kochi lilikuwa jeupe. Radi alimkumbatia, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Meneja wake alikuwepo pia, anachezea simu.

"Hatujafuata hela," Kinanda alisema. "Njoo usimame na sisi getini Jumatatu. Waandishi watakufuata wewe, sisi hawatufuati. Useme sauti ni zetu, na yaliyoimbwa ni kweli. Basi."

Meneja hakuinua macho. "Dada, kila mtu na kazi yake. Fundi akikushonea gauni humwambii mwende wote harusini."

"Likinichanikia mbele za watu, namwita."

Radi alicheka, akamtazama meneja wake, akaacha kucheka. "Wimbo umewafumbua watu macho, dada. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hilo si jambo dogo."

"Wamefumbua, sawa. Sasa wanatutazama."

Radi alikuwa akiikunja na kuikunjua pembe ya kitambaa cha meza, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kitu. "Nitakuja," alisema.

"Apa."

"Haki ya mama. Nitakuja."

Kinanda alirudi kwa wenzake akiwa ameshiba maneno hayo. Na hapo ndipo alipokosea, kwa kiburi cha kuwa na ndugu. Mama Pacha alikuwa ameandika mabango mawili kwa mkaa, moja la glavu, moja la mashine. Kinanda alimwambia ayaache nyumbani, Radi ataongea vizuri zaidi. Akawaambia wote waje wasafi, wamejifunga vitambaa vipya, maana watapigwa picha.

Jumatatu walisimama getini wakiwa wamependeza kama wanaokwenda kwenye ubatizo wa mtoto. Gari jeusi lilipokata kona, walishangilia. Akashuka dereva, peke yake, na boksi.

"Bosi anawasalimu sana," alisema. "Amesema yuko pamoja nanyi."

Ndani ya boksi kulikuwa na fulana zenye sura ya Radi, amekunja ngumi. Dereva aliwapiga picha wakizivaa, akawashukuru, akaondoka. Mvua ya rasharasha ilianza. Kinanda aliwaambia labda yuko njiani, dereva katangulizwa tu. Aliyasema hayo mara ya pili bila kuulizwa.

Mlinzi wa geti, ambaye siku zote alikuwa akiwatania, aliongeza sauti ya redio yake ndani ya kibanda. "Njooni," aliwaita. "Jamaa yenu huyu hapa."

Mtangazaji alikuwa akimuuliza Radi kuhusu madobi. Sauti yake ilitoka tulivu, ya mtu aliyelala vizuri. "Ule ni wimbo tu, kaka. Ni hadithi ya kubuni. Sikumlenga mtu wala kampuni yoyote. Zile sauti ni za waimbaji wa studio, wataalamu kabisa, na nawapongeza. Mimi ni sauti ya wanyonge, siku zote." Kisha wakaupiga wimbo.

Hakuna aliyemtazama Kinanda. Alitamani wamtukane. Angalau angepata wa kumjibu, angalau angelia. Walitazama viatu vyao, mmoja mmoja, na ile heshima waliyomwekea ilimchoma kuliko tusi. Uso wake ulikuwa wa moto mpaka masikioni. Mama Pacha aliivua fulana, akaikunja mara nne kama wanavyokunja foronya, akaiweka mikononi mwa Kinanda.

"Wataalamu," alisema.

Msimamizi alianza kuwaita ofisini mmoja mmoja. Mama Pacha aliingia kabla ya Kinanda, na mlango haukufungwa vizuri. Wimbo ulisikika kidogo, ukasimamishwa. Msimamizi akauliza sauti ile ni ya nani.

"Ni yangu," Mama Pacha alijibu. "Na kidole pia ni changu."

Alitokea mlango wa nyuma. Kinanda alimwona dirishani akipita kando ya matangi, ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi, hageuki.

Msimamizi alimkaribisha Kinanda kiti. Hakuwa mtu wa kufoka. Nyuma yake lilikuwepo kabati la kioo, na glavu zimepangwa kwa rangi. Aliweka simu mezani, akabonyeza. "Nani kaichafua?" iliita sauti, na nyuma yake Kinanda alisikia kicheko cha Mama Pacha, kile cha mtu aliyesukumwa.

"Unamjua huyo?"

Kinanda aliitazama simu.

"Mdogo wako kasema ni waimbaji wa studio. Mimi nani nimbishie mtu mkubwa kama yule? Nataka kusikia kwako tu. Kama si wewe, nenda kavae aproni. Kama ni wewe, basi ndugu yako ni mwongo, na mimi hapa sina kazi ya mtu anayemvua nguo ndugu yake."

Aliwafikiria wanawe, ndiyo. Lakini aliona aibu baadaye kukumbuka kwamba aliyemjia kwanza alikuwa Radi, mdogo, mgongoni, akilia kwa kuvunja kikombe, na yeye akimwambia mama kwamba kikombe kimevunjwa na paka.

"Si mimi," alisema.

"Sijakusikia."

"Si mimi huyo."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa, kwa upole, akamfungulia mlango.

Walimpa wa kukamua naye, mwanamke mgeni aliyeajiriwa asubuhi ileile, mcheshi, mwenye mikono ambayo bado ilikuwa laini. Shuka ya kwanza mgeni alitangulia. Kifundo cha Kinanda kililia kwa maumivu, shuka ikawaponyoka, ikaanguka kwenye tope la sabuni. Ya pili nayo vilevile.

"Nisamehe, dada. Huwa mnaendaje?"

Kinanda alifungua mdomo amwitie wimbo. Wenzake kwenye matangi mengine walikuwa wakikamua kimyakimya, wakigongana viwiko, na walimwona akiufungua. Akaufumba.

Msimamizi alikuwa amefungua dirisha la ofisi. Redio yake ilikuwa juu, na kituo kile kilikuwa hakijachoka na wimbo. Sauti ikavuka uwanja, kubwa, safi, imeongezewa ngoma: "Nani kaichafua?"

"Si mimi!" mgeni aliitika kwa furaha, kwa kuwa nchi nzima iliujua, na akazungusha. Mikono ya Kinanda ikazungusha naye yenyewe. Maji yakamwagika yote kwa mkupuo mmoja, miguuni mwao.

"Kumbe rahisi," mgeni alisema. "Utadhani waliutunga kwa ajili ya kazi hii."

Kinanda alishika ncha ya shuka nyingine, akasubiri redio imwambie lini azungushe.