Ladha ya Betri

Mama yangu akiwa na safari ya saa saba mchana, saa mbili asubuhi ameshavaa. Ndivyo alivyo tangu Bukavu. Kitenge kimepigwa pasi, mkoba uko mapajani, anakaa kwenye kiti karibu na mlango na hataki hata chai, asije akachelewesha watu.

Jumamosi ile ya Agosti 2021 alikuwa ananingoja mimi. Anaishi Penrith na dada yangu Dévote, figo zimemchoka, na mara tatu kwa wiki lazima apelekwe hospitali damu ikasafishwe kwa mashine. Kazi hiyo ni ya Dévote, lakini siku hiyo alikuwa na zamu ghalani, nami nikadakia kabla hajamaliza kusema. Amri ilikuwa watu wakae majumbani, lakini kumhudumia mgonjwa kuliruhusiwa, hata kwetu Fairfield tuliokuwa tumebanwa kuliko wengine. Wiki saba nilikuwa sijamwona mama isipokuwa kwenye simu, nusu uso na nusu dari. Nilitaka nimshike mkono akipanda gari, basi.

Ufunguo ukanigomea. Gari letu haliwashwi kwa ufunguo wa kawaida. Linafunguka na kuwaka kwa rimoti, na kile kiufunguo cha chuma kinachofichwa ndani ya rimoti kwa dharura hatukukikuta tangu tulinunue. Wiki nzima rimoti ilikuwa inajikongoja, mpaka uibonyeze mara tano. Nikanunua betri mpya, ile bapa kama kifungo cha koti, nikaifungua rimoti kwa kisu cha jikoni, nikaitia. Kimya. Nikageuza juu chini, kimya. Nikarudisha ya zamani, nayo ikawa imeshakata roho. Nikalitukana gari kwa Kifaransa, maana Kiswahili sipendi kukichafua.

"Kwanza kula," Nicole, mke wangu, akaniita.

Nikala kwa hasira. Yai halikuwa na chumvi. Chai ilikuwa maji ya moto.

"Mama Faida, chumvi nayo serikali imeikataza?"

"Chumvi iko. Na tangawizi niliweka mingi mpaka mutoto amekohoa," akajibu. "We uko na kisirani ya gari, usimalizie kwangu."

Nikatoka na rimoti yangu nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, penye jua. Jua la msimu wa baridi la huku halichomi, linakuwekea tu mkono begani. Mwili ulikuwa mwepesi ajabu, kama wa mtu aliyelala sana, ingawa sikuwa nimelala sana. Treni ilipita nyuma ya nyumba, mabehewa matupu yote, madirisha yakimeta moja baada ya jingine, na mlio wake ukanifikia umechelewa. Helikopta ya polisi ilining'inia mbali, haiendi wala hairudi. Nikaiweka betri mpya juu ya zege iote jua.

Mnicheke. Ndivyo marehemu baba alivyofanya kwetu Bukavu, mtaa wa Kadutu. Betri za redio zikichoka alizipanga ukutani zipate joto, kisha kabla ya habari za jioni anazichukua moja moja na kuzigusisha kwenye ulimi, macho amefumba, kama daktari. Ikimwasha, hiyo ni nzima. Isipomwasha, anatupa. Nikaziona pale, betri zake nne nyekundu zimepangwa juu ya ngazi yangu ya Fairfield, na baba amechuchumaa mbele yake na shati la kazini. Nikamwambia, hizi za siku hizi ni bapa, baba. Akasema, onja tu.

Niliposhtuka, kivuli kilikuwa kimenifika magotini. Nikaichukua betri nikailamba ukingoni. Ikaniwasha kidogo, ule mwasho ninaoujua. Kumbe nzima! Basi ubovu uko kwenye gari, na fundi gani atakuja leo?

"Baba Faida, gari imekataa?"

Alikuwa Jerotich, jirani yetu Mkenya, nesi wa hospitali ya Westmead, amesimama upande wake wa uzio na sare ya kazi, barakoa kidevuni. Nikamweleza yote: betri mpya, rimoti bubu, mama aliyevaa tangu saa mbili.

"Hiyo betri si mbovu," akasema. "Siku hizi wanazipaka dawa chungu, mtoto akiweka mdomoni ateme haraka. Hiyo dawa inazuia betri kushika vizuri. Pangusa na spirit, itashika. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo."

"Lakini nimeionja, ni nzima."

Akacheka. "Ai! Umeilamba? Pole sana. Ule uchungu hautoki hata ukipiga mswaki mara tatu."

"Uchungu gani?"

Kicheko kikakatika. Akaivuta barakoa mpaka puani na kurudi nyuma hatua mbili, polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Baba Faida, umekula nini asubuhi?"

"Yai."

"Lilikuwa na ladha?"

Nikaikumbuka na ile chai ya maji ya moto. Nilikuwa naangalia mikono yangu.

"Usiende kwa mama," akasema. "Tafadhali. Ingia ndani, kaa chumba chako peke yako, mkapimwe wote leo. Na mama mpigie sasa hivi."

Alipoingia kwake, nikafanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Nilichukua spirit tuliyokuwa tunapangusia vitasa, nikapangusa betri pande zote mbili, nikairudisha kwenye rimoti na kubonyeza. Gari likapepesa taa zake mbili, likafunguka. Lilikuwa tayari. Penrith ni mwendo wa dakika arobaini. Ningevaa barakoa mbili, ningefungua madirisha yote. Na Jerotich ametoka zamu, amechoka, anaona ugonjwa kila mahali. Nani amesema nina kitu? Mtu akikosa chumvi anaumwa?

Nikalifikia gari. Nikaketi. Kiti cha pembeni kilikuwa na mto niliomwekea mama tangu jana.

Kwenye dashibodi kulikuwa na limau ambalo Nicole huniwekea nikisafiri. Nikaling'ata na maganda yake, nikatafuna. Likawa maji. Nikang'ata tena, machozi yakaanza kunitoka, nami nikaendelea kutafuna mpaka likaisha.

Nikafunga mlango, nikabonyeza, gari likajifunga. Nikampigia mama.

"Uko wapi?" akauliza. "Miye nilishavala."

"Mama, siji."

"Gari imekufa?"

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. "Gari ni nzima, mama. Mimi ndiye mbovu."

Nikasikia mkoba ukiwekwa sakafuni. Dévote aliomba ruhusa kazini akampeleka, amenuna, lakini alimpeleka. Tukapimwa wote jioni hiyo, na kesho yake ujumbe wa vipimo ukaja: mimi nina korona, Nicole na Faida hawana. Jumatano mama akapata chanjo yake ya pili. Mimi nilifungiwa siku kumi na nne kwenye chumba cha Faida, chini ya nyota zake za plastiki zinazong'aa, na homa ikanichukua kweli, nikawa naelea humo siku zisizo na majina. Baba alikuja mara nyingi. Hakusema kitu, alipanga betri zake tu.

Rimoti ilikaa nami. Kila asubuhi niliifungua, nikailamba ile betri iliyopanguswa, kisha nikakumbuka kwamba dawa yake niliitoa mwenyewe. Nikamwomba Nicole, akanunua mpya akaniachia mlangoni. Siku ya kwanza hamna. Ya pili hamna. Siku ya tisa ya kufungiwa niliigusa kwa ncha ya ulimi na uchungu ukanipiga mpaka masikioni. Nilitema, nikakohoa, nikapiga kelele, Nicole akaja mbio akidhani nakufa.

"Ni chungu!" nikamwambia kupitia mlango. "Mama Faida, ni chungu!"

Nikashika simu mate yakiwa bado yananichuruzika.

"Mama, zimebaki siku tano, nakuja."

"Njoo," akasema. "Miye nilishavala."